Mkono Uliokufa Ganzi

Kilindoni, Mafia

Mpwa wangu mpenzi,

Huku sote wazima. Mama yako magoti yanamsumbua kama kila kusi, mdogo wako amefaulu, na nyumba ya Utende imeezekwa upya. Hayo utayasikia kwa wenyewe. Mimi nimekaa kuandika kwa ajili ya mkono wako.

Mdogo wako hakukusudia kukuchongea. Alikuwa akimsomea mama yako ujumbe wako ili acheke ile habari ya mkate mweusi wa Wajerumani, akapitiliza mpaka pale ulipoandika kwamba Jumanne, katika mafunzo yako ya uzamiaji, baada ya kuzama mara ya pili, kiwiko cha kushoto kilikuuma kwa ndani na vidole vikafa ganzi, ukanywa chai ukalala, asubuhi kukawa shwari. Kisha ukaandika: "Sijamwambia mtu, mtihani uko karibu." Na Alhamisi ukazama tena. Mama yako hakuelewa. Alinipigia kuniuliza kama baridi ya Ulaya inaweza kuua vidole vya mtu. Nikamwambia nitakuuliza mwenyewe.

Ingekuwa baridi, ingeshika mikono yote miwili, na ingeanzia kwenye ncha za vidole, si ndani ya kiwiko. Tena ingekukuta majini, si baada ya kuvua mtungi na kukaa. Hilo unalijua kunishinda, umelisomea. Ndiyo maana ukimya wako umenitisha kuliko maumivu yenyewe.

Pale chuo cha uvuvi cha Mbegani tulikuwa na mwalimu aliyependa kutusimulia habari za Haldane, yule Mskoti aliyefanya utafiti kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, atafute namna ya kuwapandisha wazamiaji bila kuwalemaza. Aliwafungia mbuzi ndani ya chemba ya chuma, akaongeza mgandamizo wa hewa kana kwamba wamezama, kisha akaupunguza kwa mwendo tofauti tofauti na kuwatazama. Mbuzi aliyepandishwa haraka alikuwa akiinua mguu mmoja wa mbele na kukataa kuukanyagia. Mwaka 1908 matokeo yakachapishwa pamoja na majedwali ya kupanda kwa vituo, na haya mnayofundishwa leo chanzo chake ni kazi ile. Mbuzi hana mtihani wa kuogopa. Akiumwa anainua mguu, na anayemtazama anaona. Wewe mkono wako umeuficha ndani ya koti.

Sasa nikueleze habari ya mjomba wako mdogo, kwa sababu uliyoambiwa utotoni siyo. Mliambiwa kwamba alikumbwa na pepo wa baharini. Bibi yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyetaka isemwe hivyo, na maadamu alikuwa hai sikutaka kumpinga mbele ya watoto. Hapakuwa na pepo.

Ilikuwa mwaka uliofuata lile joto la El Niño la 1998, ambalo kwalo matumbawe ya ghuba yetu ya Chole yaligeuka meupe na mengi yakafa. Akaja mfanyabiashara wa majongoo bahari na mashua yake, mitungi na kompresa. Majongoo ya maji mafupi yalikuwa yamekwisha kuokotwa, na pauni, yule mnene anayelipa, alikuwa amebaki kwenye kina. Vijana wakawa wanashushwa pima kumi na sita, mita thelathini kasoro kidogo. Hesabu ya huko chini unaijua: mgandamizo ni karibu mara nne ya huku juu, na kila pumzi inaingiza naitrojeni ndani ya damu na nyama. Mtu akipanda taratibu, mapafu yanaitoa. Akipanda mbio inageuka mapovu, kwenye maungo, kwenye mishipa, ndani ya uti wa mgongo. Mashua ile haikuwa na saa wala jedwali. Mtungi ukiisha kijana anapewa mwingine, na kilichohesabiwa ni majongoo tu.

Siku ya kwanza bega lilimuuma. Alisema amelilalia vibaya. Kwa nahodha hakusema kitu, kwa sababu aliyelalamika aliachwa pwani na fungu lake likaenda kwa mwingine, na yeye alikuwa anatafuta mahari. Usiku bega likatulia. Siku ya pili akazama, akawa mzima, akazidi kuamini kwamba alilala vibaya. Siku ya tatu, mtungi wa tatu, akapanda, akaketi kwenye tezi, akaomba maji ya kunywa. Wenzake wanasimulia kwamba alikuwa akijipiga paja kwa kiganja, pa, pa, pa, kama anayemwamsha mtu, huku akisema: "Miguu imeniacha." Wakamfunga mtungi mwingine wakamrudisha majini, maana walisikia kwamba kurudi chini ndiyo dawa. Akapanda hali mbaya zaidi, hata haja ndogo haitoki. Upepo wa kusi ulikuwa mbele yao, wakafika Kilindoni usiku. Mafia hapakuwa na chemba ya kumrudishia mgandamizo na kuutoa polepole huku akivuta oksijeni safi. Alipofikishwa Dar es Salaam siku zilikuwa zimepita, na uti wa mgongo haukungoja.

Mfanyabiashara aliondoka na mashua yake. Mjomba wako walimlipa majongoo ya siku mbili. Ya siku ya tatu walisema hayakukaushwa vizuri. Nina uchungu na jambo hilo mpaka leo, na sitaki kulisamehe.

Unamwona anavyokaa kizingitini kusuka dema. Hapendi kuzungumzia siku ile. Lakini nilipomwambia kwamba unasomea uzamiaji wa utafiti aliniambia neno moja: "Bega lilinitangulia kuniambia." Sikumwambia habari ya kiwiko chako. Nikimwambia atakufa kwa hofu.

Sasa angalia ulichonacho wewe ambacho yeye hakuwa nacho. Ulinieleza kwamba huko Ujerumani mzamiaji wa utafiti kwa kawaida anashuka na kamba. Juu kuna mtu ambaye kazi yake yote ni kuishika na kusikiliza mivuto yake. Pembeni kuna mzamiaji wa akiba aliyekwisha kuvaa. Na juu ya wote yuko msimamizi wa uzamiaji mwenye daftari la kina na dakika. Nilimsimulia mjomba wako. Akauliza mara mbili: "Kila mara? Hata maji mafupi?" Nikamwambia hata maji mafupi. Akanyamaza kitambo, akasema hiyo ni kazi ya watu wanaothamini mtu. Mpwa wangu, kamba ile inaweza kumwambia mshikaji kwamba umesimama, umekwama, unataka kupanda. Haiwezi kumwambia kwamba kiwiko kinauma. Hilo linahitaji mdomo wako.

Usidhani nakuandikia ili uache. Nataka ufuzu, na nataka kwa nguvu kuliko ninavyosema kwenye simu. Mimi nimekuwa bwana samaki miaka mingi katika kisiwa hiki, tangu kabla Hifadhi ya Bahari haijatangazwa mwaka 1995. Watafiti waliokuja niliwapeleka mwenyewe Kinasi na Tutia. Nilijua mkondo unageuka saa ngapi, bamvua na maji mafu, mwamba upi una chewa na upi ulikwisha kwa baruti. Wao walishuka na vibao vyao na penseli, kamba ya kupimia imekunjwa kiunoni, mimi nikabaki juu nashika mashua. Majina ya samaki niliyowatajia waliyaandika. Langu halimo popote. Na nafasi ya masomo ya nje niliyoiomba, nikaambiwa nisubiri, ilikwenda kwa mtu wa ofisini ambaye hata kuogelea alikuwa hajui. Kwa hiyo siku utakayoshuka Tutia na kibao chako mwenyewe, binti wa kisiwa hiki, ukahesabu matumbawe na kuandika kwa jina lako, mimi nitakuwa nimelipwa. Nataka uwe unatembea siku hiyo.

Najua pia kwa nini mtihani huu ni mkubwa kwako. Ulinifafanulia kwamba kadi ya uzamiaji wa watalii, hata iwe ya daraja gani, haimruhusu mwajiri wa huko kumshusha mtu majini kikazi. Lazima ufaulu mbele ya jopo: fizikia, tiba, sheria, na kazi ya mikono chini ya maji. Na kila mwaka lazima daktari akupime na kuweka saini yake. Hapo ndipo penye hofu yako, na naielewa: unaogopa kwamba daktari akisikia habari ya kiwiko atainyima karatasi saini, na shahada, ufadhili na tikiti tulizochangishana vitakuwa vimekwenda bure. Michango ile tulitoa kwa ajili yako, si kwa ajili ya cheti. Ukoo hauna deni la kukudai kwa njia hii.

Tena fikiri kama mwanasayansi. Huenda ni jambo dogo, daktari akakupumzisha wiki kadhaa na kukurudisha. Wengi hurudi. Huenda akataka kukupima moyo, kwa sababu karibu mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu kati ya vyumba vya juu vya moyo kilichobaki wazi tangu kuzaliwa, na kitundu hicho huweza kupitisha mapovu upande yasikotakiwa. Anaishi nacho maisha yake yote bila kujua, lakini mzamiaji anatakiwa ajue. Bora ujulishwe ukiwa Kiel, mji wa wanamaji, ambako madaktari wa wazamiaji hawako mbali, kuliko ujulishwe ukiwa Jibondo juu ya ngalawa, na mimi nimesimama ufukweni sina la kukufanyia.

Na ile nafasi unayoitamani ya utafiti wa silaha za vita zilizozama nimeifikiria sana. Niliposoma kwamba chini ya maji ya Ujerumani, Baltiki na Bahari ya Kaskazini, kumelala takriban tani milioni 1.6 za mabomu na risasi za zamani, nilidhani umekosea kuandika. Kumbe ni kweli. Hapo Kolberger Heide, nje kidogo ya mlango wa Kiel, wazamiaji wa utafiti walitundika kome karibu na yale mabomu, wakawaacha, wakaja kuwachukua, na maabara ikakuta sumu ya baruti imeingia katika nyama yao. Sisi tuliopigana na wavuvi wa baruti tulihesabu samaki waliokufa na matumbawe yaliyovunjika. Sikumbuki mtu aliyepima kinachobaki ndani ya kome na chaza baada ya mlipuko. Kalisomee, urudi nalo. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliye juu ya meli kwa kushusha kopo. Lazima ashuke mtu, maji ya baridi, haoni mbele zaidi ya urefu wa mkono wake, afunge fundo kwa utulivu kando ya bomu. Wewe unataka kwenda huko na vidole usivyojua kama vitakutii?

Mengine ni mafupi. Ukiwa na mafua usishuke, ngoma ya sikio haina spea. Kunywa maji hata kama hujisikii kiu, maana baridi inadanganya. Ukija nyumbani Disemba, acha saa 24 kamili kati ya kuzama mara ya mwisho na kupanda ndege, hata kama rafiki zako wanakuaga kwa kuzama. Sala usiache. Pesa usikopeshe. Kuhusu yule kijana uliyemtaja kwa mama yako, tutazungumza ukija.

Nirudi kwenye mkono. Uliniambia zamani, nikakusifu, kwamba katika fani yenu mzamiaji yeyote, hata mwanafunzi, anaweza kukataa kushuka bila kuadhibiwa, na kwamba kanuni hiyo imeandikwa. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wavivu. Aliyeiandika alijua vijana wenye bidii kama wewe na mjomba wako ndio wanaonyamaza. Na ukimya wako si wako peke yako: wiki ijayo wewe ndiye utakuwa mzamiaji wa akiba, na mwenzako aliye chini atategemea mkono huohuo wa kushoto.

Barua hii mdogo wako ataipiga picha akutumie leo. Ukimaliza kuisoma usinijibu kwanza. Nenda kwa msimamizi wako, mtajie Jumanne, kina, dakika, kiwiko, vidole, na Alhamisi pia usiifiche. Mwambie usiku ule ulilala ukaamka mzima. Usipunguze wala usiongeze. Usishuke majini tena, hata kwenye bwawa la mazoezi, mpaka daktari wa wazamiaji akuruhusu kwa maandishi. Kisha unipigie mimi kabla ya mama yako, niwe na la kumwambia.

Mjomba wako