Zile biskuti za mwezi mlizoniuliza

Ndugu zangu, Jumamosi iliyopita nilileta biskuti kwenye mkutano wetu, na karibu nusu zilikuwa zimevunjika njiani. Mlizimaliza hivyo hivyo! Halafu maswali yakaanza: umejifunza wapi, ziko na nini ndani, mbona zina umbo la mwezi mchanga? Nilijibu kwa kifupi kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Leo naandika jibu refu.

Wengi wenu mnajua nakaa Kimaka, huku upande wa uwanja mdogo wa ndege, pamoja na mama na wadogo zangu wawili. Tangu mwaka jana nafanya kazi za nyumbani siku tatu kwa wiki kwa mama mmoja Mjerumani. Nafua, nafagia, napiga pasi. Mimi namwita Madamu. Tunaongea Kiingereza, na siku akiwa na furaha anajaribu Kiswahili chake, tunacheka wote.

Desemba ilipokaribia, jikoni mwake mambo yakabadilika. Kumbe kwao Krismasi haisubiri tarehe 25. Wanaanza Jumapili nne kabla, na kila Jumapili wanawasha mshumaa mmoja zaidi mpaka iwe minne. Katika wiki hizo wanaoka nyumbani biskuti ndogo ndogo za aina nyingi, watoto wakisaidia kukata na kupamba. Wanaziita Plätzchen. Wanazihifadhi kwenye makopo ya bati, wanakula kidogo kidogo, nyingine wanawapa majirani.

Siku ya kwanza alioka Lebkuchen. Alipofungua pakiti ya viungo nikanusa: mdalasini, karafuu, iliki, kungumanga. Nikamwambia, "Madamu, hii si ni masala ya pilau!" Akacheka, lakini hakubisha. Karafuu haioti Ujerumani. Zamani Zanzibar ndiyo ilikuwa inaongoza dunia kwa karafuu, kwa hiyo hata Krismasi ya Wazungu ina mkono wa watu wa huku.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe. Alitoa kichupa chembamba cha kioo, ndani kuna ganda moja tu, refu, jeusi, limekunjamana kama kidole cha mzee. Alilipasua kwa kisu, akakwangua mbegu zake ndogo nyeusi, akaliweka ganda tupu pembeni, karibu na maganda ya mayai.

Mimi nilikuwa naosha vyombo. Harufu ikanifika mgongoni. Sikugeuka, kwa sababu niliijua kabla ya kuona.

Niwarudishe nyuma kidogo. Sisi ni watu wa Watalinga, upande wa Kamango, huko Beni. Baba alikuwa na kakao, na katikati ya kakao alikuwa na vanila. Vanila ni mmea wa kutambaa, unapanda juu ya miti. Ua lake linafunguka asubuhi, siku hiyo hiyo linafunga, basi. Lisipochavushwa kabla ya hapo linaanguka, na huku kwetu hakuna mdudu wa kuifanya kazi hiyo vizuri. Lazima mtu apite ua kwa ua na kijiti chembamba, ainue kile kingozi kinachotenganisha dume na jike, abonyeze kwa kidole gumba. Baba alikuwa anaita "kuozesha maua". Alfajiri anatuamsha: "Twendeni harusini!" Mimi nilikuwa na vidole vidogo, kwa hiyo nilikuwa mwepesi kuliko yeye.

Baada ya harusi unangoja kama miezi tisa, kama mimba. Ganda linavunwa likiwa kijani, halina harufu. Unalitia kwenye maji ya moto, unalifunga ndani ya blanketi litoe jasho, unalianika juani, unalifunga tena, siku nyingi mpaka liwe jeusi. Msimu ukifika baba alikuwa analala shambani kwa sababu ya wezi. Akirudi asubuhi, shati lake, kofia yake, hata godoro, vyote vinanukia.

Julai 2013 Kamango ikashambuliwa. Tulikimbia usiku, makumi ya maelfu ya watu, tukavuka mto Lamia tukaingia Bundibugyo. Mnaokumbuka kambi ya Bubukwanga mnajua mvua ile. Nilikuwa na miaka 12. Baba hakuvuka. Alikuwa shambani na vanila yake. Baadaye tukapelekwa Kyangwali, na miaka mingine baadaye mama akaamua tujaribu maisha Jinja. Katika miaka yote hiyo mama hakulitaja jina la baba. Sisi watoto tukajifunza kutouliza.

Sasa rudini jikoni. Madamu alitoka kupokea simu. Nikalitazama lile ganda tupu pale kati ya maganda ya mayai, nikajiambia: hili ni takataka, si wizi. Nikalikunja, nikalitia mfukoni mwa aproni.

Aliporudi akaanza kutafuta. Akainua sahani, akaangalia chini ya meza. Akaniuliza kwa upole, "Ganda la vanila liko wapi?" Kumbe kwao ganda halitupwi. Wanalizika ndani ya sukari, na baada ya siku kadhaa sukari yote inanukia vanila, ndiyo wanayopaka biskuti.

Wenzangu mnaofanya kazi za ndani mnalijua swali hilo. Hata likiulizwa kwa upole, miguu inakuwa maji. Sisi hatuna mjomba wa kututetea mji huu. Kazi ikienda, kodi imeenda. Nilifikiria kusema nimelitupa. Lakini nilikuwa nanukia! Nikaingiza mkono mfukoni, nikalitoa, nikaliweka mezani. Nikasema, "Nisamehe. Baba yangu alikuwa analima hii."

Hakujibu haraka. Alivuta kiti, akaniambia nikae. Tena akakaa na yeye. Nikamweleza maua, blanketi, Lamia, yote. Unga ukakauka kwenye bakuli. Mwisho akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: kwamba hakujua vanila inaota Uganda. Alikuwa ameibeba kutoka dukani kwao, kwa ndege, na kila akienda Kampala anapita Mukono ambako wakulima wanaiotesha! Alikuwa na aibu kuliko mimi. Kisha akanipa lile ganda, na akanionyesha jinsi ya kuoka.

Sitawadanganya kwamba tangu siku hiyo tumekuwa ndugu. Bado nafagia, bado ananilipa mwisho wa mwezi. Lakini ananiuliza vitu, na mimi najibu bila kuogopa.

Nyumbani sina oveni wala lozi, ambazo ndizo wanazotumia wao. Nilifanya hivi, andikeni: unga gramu 280, Blue Band gramu 200, sukari gramu 80, na karanga gramu 100 zilizokaangwa, zikatolewa maganda, zikatwangwa laini. Chumvi kidogo sana. Unakanda haraka, mikono isiyeyushe mafuta, unaacha sehemu ya baridi nusu saa. Unasokota vipande vidogo kama kidole, unakunja viwe mwezi. Sufuria kubwa unaweka mchanga mkavu chini, unaipasha juu ya sigiri, unaweka sahani ya bati ndani, unafunika, juu ya mfuniko unaweka makaa machache. Dakika 15 hivi, zisigeuke kahawia. Zikiwa bado za moto, zigaragaze kwenye sukari yenye vanila. Taratibu! Zinavunjika ukizitazama vibaya.

Mara ya kwanza niliunguza zote. Mara ya pili mama alikuwa nje anaanua nguo. Nilipofungua kopo la sukari akaingia, nguo mkononi, akasimama mlangoni.

"Hii harufu inatoka wapi?"

Nikamwonyesha ganda.

Akalishika, akalinusa, akakaa chini kwenye mkeka. Kisha akasema, "Ni shati ya baba yako." Na akataja jina lake. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye alivuka Lamia akiwa mgongoni, akauliza: "Alikuwa mtu wa namna gani?" Mama akaongea mpaka makaa yakazimika. Nilijua mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: kwamba baba alikuwa mwoga wa nyoka na bado alilala shambani, kwamba aliuza vanila ya kwanza akamnunulia mama kitenge cha rangi ya manjano.

Nimesoma pia kuhusu aliyeanzisha njia hii ya kuchavusha kwa mkono inayotumika hadi leo. Alikuwa mtoto mtumwa katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius. Mwaka 1841, akiwa na miaka 12, alionyesha jinsi ya kufanya kwa kijiti na kidole gumba, kama tulivyokuwa tunafanya sisi. Wengine wakatajirika. Yeye alipata uhuru mwaka 1848, akafa maskini mwaka 1880. Kila kopo la biskuti za Krismasi huko Ulaya lenye vanila ya kweli lina deni lake kwa yule mtoto.

Kwa nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, nina ombi moja. Mkituletea mafunzo ya kuoka, kushona, kulima, tunashukuru kweli. Lakini kabla ya kufungua daftari, tuulizeni kwanza tulikuwa tunafanya nini kwetu. Nimekaa kwenye mafunzo matatu ya kilimo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Ndani ya kikundi hiki peke yake kuna fundi wa jibini kutoka Masisi na mvuvi wa Ziwa Edward ambaye sasa anauza laini za simu.

Sasa naoka kila Ijumaa jioni, nauza pakiti ya biskuti sita kwa shilingi 1,000. Faida ni ndogo, makaa yanakula. Kuna mtu ana sufuria kubwa ya kuazima mpaka Krismasi? Ninayotumia ni ya jirani na ameanza kuiulizia. Mama ndiye anasokota miezi siku hizi, na yake haivunjiki.