Muulize mwanao: "Kazi ya leo umeisukuma?"

Miezi michache baada ya binti yake mkubwa kuingia chuo kikuu, Linus Torvalds alipata ujumbe kwenye simu. Torvalds ni Mfini aliyeanzisha Linux mwaka 1991, kiini ambacho juu yake imejengwa Android iliyo kwenye simu za wengi wanaosoma ukurasa huu. Binti alimwarifu kuwa pale maabara ya kompyuta baba anajulikana zaidi kwa kitu kingine: Git. Kisa hicho amekisimulia baba mwenyewe hadharani.

Git aliianza Aprili 2005, baada ya timu yake kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper waliyokuwa wameizoea. Aliilea kwa miezi minne hivi, kisha akamkabidhi Junio Hamano, anayeilea mpaka leo.

Haina picha wala vitufe. Ni maneno yanayochapwa kwenye dirisha jeusi, ndiyo maana mzazi anayepita sebuleni saa sita usiku anaweza kudhani mtoto anavunja benki. Mara nyingi anachofanya kinafanana na kadi ya kliniki. Kijana akichapa "commit", Git hurekodi hali ya mafaili aliyoyachagua, pamoja na jina lake, tarehe na sababu ya mabadiliko. Programu ikiharibika Alhamisi, anarudi kwenye ukurasa wa Jumanne iliyokuwa nzima.

Lakini muuguzi haandiki uzito wa mtoto ambaye hakuletwa mizani. Kazi isiyorekodiwa haipo kwenye kadi, hata kama kijana ameihangaikia wiki nzima. Na hata iliyorekodiwa hubaki ndani ya kompyuta ileile mpaka achape "push", yaani aisukume kwenda kwenye kompyuta nyingine ya mbali. Hapa ndipo panapouma. Laptop ikiibiwa kwenye daladala au ikimwagikiwa chai kabla ya hapo, kazi na kadi yake vimekwenda pamoja, na mradi wa mwaka wa mwisho unaanza upya.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu naye hana folda moja. Ana za masomo, ya mradi na wenzake, za majaribio aliyoyaacha njiani. Git huzijibia moja moja, na ni rahisi kusahau moja.

Joey Hess, mwandishi wa programu wa Marekani, aliandika kifaa kidogo kwa ajili hiyo, chenye jina la herufi mbili: mr. Kijana anaingia kwenye kila folda mara moja tu na kuchapa "mr register". Orodha inatunzwa kwenye faili liitwalo.mrconfig. Baada ya hapo, "mr status" hupita kila folda kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii anavyopita nyumba kwa nyumba, ikieleza ipi ina mabadiliko ambayo hayajarekodiwa. Akisharekodi, "mr push" husukuma zote kwa mkupuo. Folda isiyoandikishwa haitembelewi.

Mzazi hahitaji kujua kuchapa hayo. Anaweza kuuliza tu, "Kazi ya leo umeisukuma?" Swali hilo lina nafasi nzuri ya kumpeleka mtoto kitandani kuliko "bado hujalala?", kwa sababu anayejua kazi yake iko salama hana cha kulindia kompyuta mpaka alfajiri.

Kabla ya kusukuma, aangalie kama hajaacha nywila ndani ya mafaili, hasa kama hifadhi hiyo iko wazi kwa umma. Kuifuta leo hakufuti ukurasa wa jana. Yeyote mwenye nakala anaweza kurudi nyuma akaisoma. Ikishatoka, cha kwanza ni kubadili nywila yenyewe, usiku huohuo.