Mpe Jembe

Methali ya mgeni na jembe tumeizoea mno hata hatuisikilizi tena. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika andiko lake juu ya Ujamaa, akieleza kwamba katika jamii zetu za zamani hakukuwa na nafasi ya mtu kukaa bure akila jasho la wenzake. Wengi wetu huitumia kumsuta mgeni: siku zako zimekwisha, inuka ufanye kazi. Lakini hebu, ndugu msomaji, litazame tena neno lenyewe. Methali haisemi mgeni atafute jembe. Inasema mpe. Amri hiyo hakupewa mgeni, amepewa mwenyeji.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka kadhaa, kwa sababu ya binti mmoja wa Bukavu aliyekaa nyumbani kwetu Tegeta tangu mwishoni mwa 2021 hadi alipomaliza chuo. Jina lake silitaji, maana mambo yake ni yake. Nitayataja yale tu yanayowahusu wengi.

Tegeta yetu ni mahali pa watu wa kuja. Nilipoanza kazi katika kiwanda cha saruji cha Wazo, kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, huku kulikuwa mashamba na minazi, na mtu akisema anakaa Tegeta watu wa mjini walimpa pole. Leo barabara ya Bagamoyo haina usingizi, nyumba zimepanda hadi mlimani, na ukiuliza katika mtaa wetu nani kazaliwa hapa, watainua mikono wazee wachache wa Kizaramo na watoto. Wengine wote tumetoka Bukoba, Moshi, Songea, Singida. Ungedhani mtaa wa namna hii unajua kumpokea mgeni. Kwa siku mbili za mwanzo, kwa hakika unajua.

Binti huyo aliletwa kwetu na mwanamke anayeuza mboga na mke wangu sokoni. Alikuwa na sanduku moja, na fedha zimemwishia. Dalali mmoja alimwonyesha chumba upande wa Salasala, akapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya jiji hili, kisha akazima simu. Mwenye nyumba wa kweli hakumjua dalali wala mpangaji. Tukampa kitanda, tukapika wali na samaki, watoto wakampisha mbele ya televisheni. Siku mbili zikapita vizuri. Tatizo lilianza siku ya tatu.

Kwanza lugha. Watu husema Mkongo wa mashariki hana shida hapa kwa kuwa anajua Kiswahili. Anakijua, lakini ni Kiswahili cha kwao. Yeye maji aliyaita mayi, kisamvu alikiita sombe, na mchicha akauita lengalenga. Siku moja alikwenda dukani kuulizia makala, mwenye duka akamwambia magazeti yanauzwa Kibaoni. Alikuwa anatafuta mkaa. Mimi aliniita Papa, kwa heshima kabisa, kama wanavyomwita baba huko kwao, na watoto wangu wakacheka mpaka wakashika matumbo, kwa sababu papa tunayemjua sisi ni yule samaki anayekuja sokoni amekaushwa. Tulicheka naye. Lakini nje ya nyumba kicheko kilikuwa na meno. Akifungua kinywa ndani ya daladala watu waligeuka, na bei ya kitu ilibadilika mbele ya macho yake. Ikafika mahali akaamua kunyamaza. Huko chuoni nako mihadhara ilikuwa kwa Kiingereza, naye alisoma kwa Kifaransa tangu utoto. Kwa hiyo asubuhi aliandika asichokielewa, jioni akakitafsiri kwa Kifaransa, kisha akakirudisha tena kwa Kiingereza apate kukijibu.

Pili karatasi. Mwanafunzi wa kigeni anatakiwa awe na kibali cha ukaazi cha daraja C. Cheti chake cha sekondari, akitaka kitambulike, hupelekwa Baraza la Mitihani kilinganishwe na vyeti vyetu, na kama kimeandikwa kwa Kifaransa hutafsiriwa kwanza. Benki inauliza kibali. Laini ya simu tangu mwaka 2020 husajiliwa kwa alama za vidole, Mtanzania kwa kitambulisho cha taifa, mgeni kwa pasipoti, na bila laini huwezi kupokea fedha ya nyumbani. Kila moja ya taratibu hizi ina maana yake, wala silalamikii hata moja. Ninachosema ni kwamba mtu anayezijua zote kwa mpangilio wake ni adimu. Binti yule alikuwa na orodha aliyopewa chuoni, ukurasa mmoja. Orodha ilimwambia afike wapi. Haikumwambia aanze na lipi, avae vipi, awahi saa ngapi, wala amwombe nani barua ya utambulisho.

Tatu, hofu, na hii haikuwa ya kwake peke yake. Jirani mmoja, mzee ninayemheshimu, alinivuta kando akaniambia, "Ndugu yangu, unafuga kesi." Hakuwa mtu mbaya. Sheria yetu ya uhamiaji humwadhibu anayemficha mtu aliyeingia au anayeishi nchini kinyume cha sheria, na watu wa kawaida, wasiojua mstari umepita wapi, huona salama kumkwepa kila mgeni. Usiku huo nilimweleza mke wangu. Akafikiri kidogo, akasema, "Baba Neema, kumficha ni kosa. Kumpeleka kwa mwenyekiti ni kosa gani?" Kesho yake tulikwenda watatu ofisi ya serikali ya mtaa na pasipoti yake na barua ya chuo. Mwenyekiti akaandika jina lake katika daftari la wakazi, akampa barua. Ilichukua nusu saa. Kutoka siku hiyo binti alikuwa na mahali anapotoka. Barua ile ikafungua laini, laini ikafungua fedha, na baada ya miezi kibali kikatoka. Jirani yangu alipoona tumepita mbele ya watu mchana kweupe, akaanza kumsalimu.

Mimi mwenyewe niliwahi kupewa jembe. Mwaka 1984 nilikwenda kusoma uhandisi Moscow, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Jina la Lumumba liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa 2023. Dunia ile ilikuwa na siasa zake na mambo mengi yaliyonichosha. Lakini nitasema kweli juu ya jambo moja. Mwaka mzima wa kwanza hatukusoma uhandisi. Tulisoma lugha, katika kitivo cha maandalizi, na hesabu na fizikia kwa maneno ya Kirusi, mpaka ulimi ukakubali. Tulipewa fedha za kununulia nguo za baridi kabla baridi haijafika, na mwanafunzi wa miaka ya mbele akatupeleka dukani kutuonyesha koti lipi linafaa na lipi ni urembo. Hakuna aliyeiita ile hisani. Ilikuwa sehemu ya masomo.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya mataifa makubwa tu. Jiji hili letu limewahi kuyafanya. Mwaka 1963 ilianzishwa Kurasini, huko Temeke, Taasisi ya Msumbiji, chini ya Janet Mondlane, kwa ajili ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Walipewa mahali pa kulala na mahali pa kusoma kwa pamoja. Miaka ya sitini, Wakenya na Waganda waliotaka sheria walikuja Dar es Salaam, kwa kuwa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa hapa. Na kule Mazimbu, Morogoro, serikali ilitoa ardhi mwaka 1977, chama cha ANC kikajenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu. Hapakuwa na madarasa tu. Palikuwa na hospitali, shamba, na kituo cha kulelea watoto wadogo, kwa sababu waliokijenga walijua kwamba msichana mwenye mtoto hawezi kusoma kama mtoto hana pa kulala. Mwaka 1992 majengo yale yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Siku hizi tunayo makubaliano mazuri zaidi ya yale. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza kwamba elimu ya juu ya jumuiya hii ni eneo moja. Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili. Siku habari ilipotangazwa nilimwambia binti, "Sasa wewe si mgeni tena." Akacheka, akasema, "Papa, waambie na wale wa daladala."

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wake wa mwisho. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, wiki chache baada ya kuiteka Goma. Benki zilifungwa. Wazazi wake walikuwa hai, hilo tulilijua baada ya siku nne ambazo hakula, lakini fedha ya ada haikuweza kutoka. Alifunga sanduku. Hakutaka, alisema, kutulia machozi yake juu ya ugali wetu. Mke wangu akaketi juu ya sanduku lile na kumwambia, "Mwanangu, hapa hatoki mtu. Tuhesabu kwanza."

Tukahesabu. Wanafunzi wenzake wa Kikongo walichanga. Akina mama wa kikoba cha mke wangu wakamkopesha, si kumpa, na hilo ndilo lililomnyoosha mgongo, maana mtu anayekopeshwa anaaminiwa. Mshauri wa wanafunzi chuoni akamwandikia barua aruhusiwe kulipa kwa awamu. Yule jirani wa kesi akaleta elfu hamsini katika bahasha, akasema ni ya nauli tu. Binti akafanya mtihani, akafaulu. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amelirudisha deni la akina mama lote, kwa kusuka nywele na kufundisha watoto wa mtaa Kifaransa.

Naandika haya si kwa kusifu nyumba yangu. Kila aliyesaidia alifanya jambo dogo, na mengi hayakuhitaji fedha. Lakini najiuliza juu ya wale ambao sanduku lao halikupata mtu wa kulikalia. Haifai usalama wa kijana utegemee bahati ya kukutana na muuza mboga. Chuo kinachopokea ada ya mgeni kingeweza kumpa wiki chache za lugha na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa kutembea naye. Serikali ya mtaa ingeweza kubandika ukutani, kwa maneno mepesi, mgeni halali aje na nini. Na sisi tulioko mtaani tungeweza kuuliza, baada ya wali wa siku ya pili, swali moja tu: kesho unakwenda wapi, na nani anakupeleka?

Kibali cha mwanafunzi huisha na masomo, na Bukavu kulikuwa hakurudiki. Binti alipanda basi la Tunduma, akapita Zambia mpaka Lubumbashi, aliko mjomba wake. Ni nchi yake hiyo, lakini mji haujui, na Kiswahili cha huko nacho kina maneno yake. Mke wangu humpigia kila Jumapili. Hamuulizi kama amekaribishwa vizuri. Humuuliza kama amepata jembe.