Nilipekua Simu Yake, Kamera Ikanisuta

Wenzangu mliowahi kupekua simu ya mpenzi akiwa usingizini mtanielewa. Mikono inatetemeka, masikio yanasikiliza pumzi zake, na wala hujui unatafuta nini. Mimi yalinikuta New York, Oktoba 2008. Mume wangu alikuwa anamalizia shahada ya pili kule, mimi nimebaki na kazi yangu ya benki Dar es Salaam. Miezi kumi hatujaonana, halafu usiku wa pili tu tangu nifike, huyo naingia kwenye simu yake! Nikakuta namba imehifadhiwa kwa herufi moja, S. Kila Jumapili wameongea. Usingizi ukaruka.

Kesho yake akanitembeza Greenwich Village. Roho ilikuwa juu juu, ila nilivaa tabasamu na ule mkoba wa ngozi alionitumia siku yangu ya kuzaliwa. Ofisini ulikuwa gumzo wiki nzima. Kwenye 7th Avenue South tukakuta watu wamejazana kwenye duka dogo, eti la wanyama wa kufuga. Kuingia bure. Kumbe ndani hakuna mnyama hata mmoja. Yalikuwa maonyesho ya Banksy, yule msanii wa Uingereza anayeficha sura yake, na kila kitu kilikuwa kinachezeshwa kwa mota.

Dirishani chui kajilaza juu ya tawi, mkia unachezacheza. Ukisogea, ni koti tu. Vipande vya samaki, vile vya kwenye friza za supamaketi, vinaogelea ndani ya bakuli la kioo. Vipande vya kuku vya kukaanga vinadonoa sosi kama vifaranga, kuku mama yuko pembeni. Sungura naye yuko mbele ya kioo anajiremba (wale ndio wanaojaribiwa vipodozi tunavyopaka, shosti). Nilicheka mpaka nikasahau S.

Halafu tukafika kwenye kiota. Kamera ya ulinzi, kama zile za pale kwetu benki, imekaa kama ndege mama na vikamera vyake vichanga. Inavilea! Nikageuka tucheke wote. Yeye hakucheka.

"Mke wangu, juzi usiku nilikuwa macho," akasema taratibu.

Miguu iliisha nguvu. Badala ya kuomba radhi nikauliza, "S ni nani?" Jamani, mwizi anamhoji mwenye nyumba!

Akanyamaza kwanza. S alikuwa msimamizi wa jiko la mgahawa mmoja, ambako kila Jumapili mume wangu aliosha vyombo. Mimi nilijua pesa ya ufadhili inatosha na kubaki, maana ndivyo alivyoniambia.

"Si ulisema wenzako wote wana mikoba ya nje?"

Nilisema kweli. Tena mara mbili.

Nikauteremsha mkoba begani, nisijue niuweke wapi. La simu nilimwomba msamaha palepale. La mkoba sikupata neno. Yeye akasema alikuwa na nia ya kuniambia kabla sijaondoka, na mpaka leo sijui kama ingekuwa hivyo. Tukabaki tumesimama tu mbele ya kile kiota, mpaka watu wa nyuma wakatuomba tusogee, na wao waone.