Elimo Njau na Uso wa Nyumbani katika Sanaa Takatifu

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Aghalabu methali hii hutajwa katika mijadala ya mavazi na ndoa. Ni nadra kuhusishwa na michoro ya kanisani.

Mwenyeji wa Mraru, karibu na Voi, hahitaji kwenda mbali kuuona uzito wake. Katika milima ya Taita, mafuvu ya wazee waliofariki yalihifadhiwa mapangoni, na huko ndiko jamii ilikotambika. Mwaka 1883 mmisionari Joseph Wray alifika Sagalla, mlima unaotazamana na Voi. Tangu hapo muumini alionekana kana kwamba sharti achague: pango la babu zake au kanisa.

Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932 na kusomea sanaa Makerere, alilijibu swali hilo kwa brashi. Katika miaka ya 1950 alichora picha tano ukutani mwa kanisa la ukumbusho la Murang'a, kuanzia kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa kwake. Kuzipamba kuta za kanisa kwa habari za Injili ni sanaa kongwe, iliyositawi Uhabeshi na hata Kyiv, Ukraine, tangu enzi za kale. Njau aliirithi desturi hiyo bila kuziiga nyuso zake: Yesu wake ni Mwafrika.

Ikumbukwe kwamba kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, kipindi ambacho jirani alimgeuka jirani. Katika picha ya Karamu ya Mwisho, wanafunzi wa Yesu ni Waafrika, na Yuda ni mmoja wao. Mtazamaji hawezi tena kumsukumia mgeni wa mbali dhambi ya usaliti. Msaliti ameketi mezani, naye ana uso wa nyumbani.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina hilo lacheza na maana mbili za neno moja: mnyama, na tendo la kupanda juu. Njau alishikilia kwamba msanii asinakili. Hata hivyo, kutonakili si kukana. Michoro ya Murang'a isingekuwepo bila Injili, wala bila ardhi iliyoipokea.

Kijana wa Mraru ashikaye brashi leo ana mapango nyuma yake na kanisa mbele yake. Mfano wa Njau wamfunza kwamba halazimiki kukipa kimoja kisogo.