Kifumbu cha barua pepe

Leo mapishi na mishono tuviweke pembeni kidogo, tuzungumze barua pepe.

Sisi tunaoshonea wateja wa Muscat na London, oda zetu huja hivi: mtu hatumjui, ana haraka, ametuma picha na anauliza bei. Basi chujio la barua taka humwona tapeli! Bibi harusi mmoja alituandikia wiki tatu kabla ya nikaha. Barua ikaangukia kwenye taka, tukaiona siku ya nane. Nguo ilimfikia, alhamdulillahi, lakini tulikesha.

Kijana anayetutunzia seva akatukalisha, akatufungulia. Programu anayotumia ni SpamAssassin. Kumbe haikati shauri mara moja, inajumlisha alama. Kila dalili mbaya ina alama zake, na kwa kawaida jumla ikifika 5, barua huitwa taka. Hesabu yenyewe imeandikwa ndani ya barua, ukijua pa kuitazama. Ya bibi harusi ilipata 5.3.

Tukataka kikomo kipandishwe hadi 10, akakataa. Ni kama kifumbu, akasema: kikiachia sana, chicha zote zinaingia kwenye tui. (Mwanamume anatufundisha kifumbu! Tulicheka.) Alichofanya ni kuifundisha programu kwa barua zetu wenyewe. Inahitaji angalau taka 200 na nzuri 200 kabla haijaanza kupima kwa maneno, kwa hiyo jioni mbili tulikaa tunatenganisha. Sasa inajua kwamba "lesi", "kifua" na "urefu wa mkono" ni maneno ya kazini kwetu.

Taka hazifutwi, zinawekwa kando, na mmoja wetu huzipitia kila baada ya Alasiri. Wateja wa siku nyingi tumewaandika kwenye orodha ya wanaopita bila kupimwa. Anwani yetu wenyewe hatukuiweka humo, maana jina la mtumaji hughushiwa kirahisi, na matapeli hupenda kukuandikia kwa jina lako mwenyewe.

Ikija barua kwamba akaunti ya muuza vitambaa imebadilika, hata kama imepita chujio salama, hatulipi. Tunampigia kwanza kwa namba yake ya zamani. Mwezi uliopita tulimpigia, akashangaa: akaunti yake ni ile ile.