Kiburi cha vijana wa Uswidi

Hivi kuna ubaya gani kijana akipiga muziki wa rika la baba yake?

Swali hili hunijia kila nikisikiliza Hybris, albamu ya kwanza ya Änglagård, bendi ya vijana sita kutoka Uswidi. Ilitoka mwaka 1992. Jina la bendi ni kama kusema "boma la malaika". Hybris nalo ni neno lililotoka kwa Wagiriki: kiburi cha binadamu anayejipima na miungu. Yaani bado hujulikani, hujauza hata nakala moja, halafu kazi yako ya kwanza unaibatiza Kiburi! Jamani.

Ili uone kiburi chenyewe, tazama miaka. Roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zenye kona nyingi, ilishamiri Uingereza kuanzia mwaka 1969, King Crimson walipotoa albamu yao ya kwanza. Mwaka 1972 Yes walitoa Close to the Edge na Genesis wakatoa Foxtrot. Kufikia mwaka 1977 panki ilikuwa imeingia na nyimbo zake za dakika tatu, na magazeti mengi ya muziki yakawaona wakongwe hawa kama watu waliopitwa na wakati. Genesis wenyewe waligeukia pop. Januari 1992 Nevermind ya Nirvana ilishika namba moja Marekani. Kila kijana mwenye gitaa alijua upepo unavuma kuelekea wapi.

Mwaka huohuo hawa sita wakatoa albamu yenye nyimbo nne tu, jumla kama dakika 44. Ulio mfupi kuliko wote unazidi dakika nane. Redio gani ingeupiga?

Na vyombo vyao? Hapo ndipo utajua hawakuwa wanatania. Walitumia kinanda cha Hammond na kile kinachoitwa Mellotron, kilichoanza kutengenezwa Birmingham miaka ya 1960. Ndani ya Mellotron kila kibonyezo kina kipande chake cha utepe wenye sauti iliyorekodiwa, iwe ya fidla, filimbi au kwaya. Ukibonyeza, utepe unakimbia. Baada ya sekunde nane hivi umeisha, na ukiachia springi inaurudisha mwanzo. Ni mzito, unasumbua, na sauti yake inayumba kidogo kama mtu anayeimba akiwa na mafua. Mwaka 1992 maduka yalikuwa na vinanda vya dijitali vyepesi, visivyo na usumbufu huo. Thomas Johnson, mpiga vinanda wao, akang'ang'ania huohuo mzee.

Basi wapo wanaosema hii ni nakala tu. Nawaelewa. Kuna sehemu ambapo besi na ngoma zinakukumbusha Yes, na Mellotron ikiingia unamwona King Crimson mlangoni. Sibishi.

Lakini wadau, sikilizeni kwa makini. Wimbo wa kwanza, Jordrök, unaanza na piano peke yake, taratibu, kisha bendi nzima inakuangukia. Jordrök ni jina la mmea. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata "moshi wa ardhi". Filimbi ya Anna Holmgren inapita juu ya kelele hizo na tuni zenye harufu ya muziki wa asili wa kwao, wa vijijini. Wimbo wa mwisho ni Kung Bore, Mfalme Bore, jina ambalo Waswidi huyapa majira ya baridi kana kwamba ni mtu. Mwingereza asingetunga albamu hii. Vyombo vimeazimwa, huzuni ni ya nyumbani.

Halafu penye maneno wanaimba Kiswidi. Hili ndilo linanigusa zaidi. Majirani zao Landberk walitoa albamu yao ya kwanza kwa Kiswidi na pia kwa Kiingereza. Anekdoten, mwaka 1993, waliipa yao jina la Kiswidi, Vemod, lakini wakaimba Kiingereza. Siwalaumu, soko ni soko. Änglagård hawakutafsiri. Sauti ya Tord Lindman si ya kushinda mashindano, lakini naiamini. Na bado wakaalikwa Los Angeles, kwenye Progfest, mwaka 1993 na tena 1994, kuwapigia Wamarekani ambao bila shaka wengi wao hawakuelewa neno.

Mimi nilisoma chuo kwa Kiingereza na ninaandika gazetini kwa Kiswahili. Ushauri wa "ukitaka kufika mbali, acha lugha yako" nausikia karibu kila wiki, tena kwa watu wanaonitakia mema. Sasa huwa nawajibu kwa mfano huu.

Kiburi kina bei yake, tusidanganyane. Albamu ya pili, Epilog, ilitoka mwaka 1994 bila maneno kabisa, na mwaka huohuo bendi ikavunjika. Walirudiana baadaye, na Viljans öga ikatoka mwaka 2012, miaka 20 baada ya Hybris. Hawakupata utajiri wa Nirvana wala karibu yake.

Ila wapenzi wa muziki huu bado wanaitaja Hybris miongoni mwa kazi zilizoufufua miaka ya 1990. Nadhani sababu ni hii: waliochukua cha zamani kwa uvivu huchukua kilicho rahisi. Hawa walichukua kilicho kigumu, wakakifanyia kazi, kisha wakakisemesha lugha ya mama yao.

Kama hicho ni kiburi, nami nakiomba kidogo.